Nani Alipepea Hii Sate?

Jumatatu, 6 Novemba

Mvua ya kwanza imenyesha. Naanza daftari hili leo kwa sababu moja tu: shemeji yangu Marsuki ana mdomo, na mimi sina shahidi. Ikija siku ya kuulizwa nani alifanya nini na lini, yeye atasema, mimi nitasoma.

Haya basi. Mwezi uliopita mume wangu Sahrawi alipanda juu ya paa kurekebisha vigae kabla mvua hazijaanza. Akateleza. Mkono wa kulia ukavunjika mahali pawili. Mfupa umeunga, lakini vidole havifungi. Miaka kumi na tisa amepepea moto wa sate, mishkaki midogo ya kuku ya kwetu, kona ya reli hapa Surabaya, na sasa hawezi kushika hata kijiko.

Juzi akaniambia, "Hosniyah, tufunge tu mpaka nipone."

"Tukifunga, kona itaondoka. Na ukipona ukute nini, reli?"

Akanyamaza. Siku hizi kunyamaza ndiyo kazi yake. Leo alasiri nimewasha makaa na kuusukuma mkokoteni mwenyewe.

Jumanne, 7 Novemba

Mikono inaniuma mpaka mabegani. Sikujua kuwa kupepea ni kazi ya mgongo.

Ijumaa, 10 Novemba

Wateja wanakuja wameinamisha vichwa kukwepa mvua, wanaita kwa mazoea, "Kaka, sate kumi!" Wakiinua macho wanakuta mimi. Leo mmoja karibu ageuze pikipiki.

"Kaka yuko wapi?"

"Kaka kavunjika. Dada yupo. Kuku ni yuleyule, sosi ni ileile. Sosi hiyo miaka yote umeila ya kwangu, wewe ulidhani kaka ndiye anasaga karanga?"

Akacheka, akaagiza ishirini. Yayuk, jirani yangu wa kona, anayeuza maji ya barafu hata mvua ikinyesha kama imetukanwa, alipiga makofi. Namuuliza kila siku, "Nani anakunywa barafu kwenye mvua hii?" Ananijibu, "Mjinga mmoja kwa siku ananitosha."

Alhamisi, 16 Novemba

Mvua. Makaa ya vifuu yamepata unyevu. Moshi mwingi, kikohozi, nimeuza kidogo.

Jumamosi, 18 Novemba

Mvua tena. Sahrawi ameketi dirishani siku nzima, amenipa kisogo. Nikiingia anaficha kitu chini ya mto. Sikuuliza. Nina hasira naye na sitaki kujua anachoficha.

Ijumaa, 24 Novemba

Amekuja. Nitaandika yote, hata kama mkono utaniuma.

Sisi watu wa kisiwa cha Madura tuna taratibu yetu mjini, na sina ugomvi nayo. Aliyeifungua kona ndiye mwenye neno juu ya kona. Ya kwetu aliifungua Marsuki alipokuwa kijana, kisha akamwachia mdogo wake Sahrawi, yeye akaenda kufungua nyingine mbili. Kwa hiyo neno lake ni zito, najua. Lakini mkokoteni ni wetu. Sahrawi aliuchonga kwa mikono yake, una umbo la mashua kama mikokoteni yetu yote, na ubavuni aliandika jina la marehemu mama yangu.

Marsuki alifika saa ya jua kali, akavua viatu, akaketi, akanywa kahawa yangu mpaka chicha. Hakunitazama. Hata siku moja hajawahi kuniita kwa jina. Mimi kwake ni "mke wa Sahrawi", hata nikiwa nimesimama mbele yake.

"Sahrawi, watu wanasema mke wako anapepea barabarani."

Sahrawi akautazama mkono wake.

"Kipepeo cha kupepea sate si cha mwanamke. Mwanamke anachoma karanga, anasaga, anatunga nyama kwenye vijiti, nyumbani. Moto wa barabarani ni wa mwanamume. Tutakuwa kichekesho cha kisiwa kizima."

Nikasema, "Shemeji, mimi niko hapa. Niulize mimi."

"Mwambie mke wako nazungumza na wewe."

"Mke wake anasikia vizuri tu! Bibi yangu mzaa mama alibeba seredani, jiko lake la makaa, kichwani, akatembea mji mzima akiuza sate, akalea watoto saba. Mikokoteni hamkuwa nayo wakati huo, mlikuwa mnachunga ng'ombe. Hiyo sheria yako ya kipepeo imezaliwa juzi."

Akageuza kikombe, akakiweka chini. Akasema mkwewe Bunawi, aliyemwoa binti yake, hana kazi. Bunawi ashike kona "kwa muda tu". Nikamuuliza muda gani. Akasema mpaka Sahrawi apone. Na daktari alishasema vidole havitarudi, na Marsuki alikuwepo aliposema! Wahenga hawakukosea, akufukuzaye hakwambii toka.

Na Sahrawi? Sahrawi alisema, "Tutafikiri, kaka." Basi. Maneno mawili. Leo nalala nimegeukia ukuta.

Jumamosi, 25 Novemba

Nimepepea. Nimeuza yote.

Jumapili, 3 Desemba

Nimempeleka Sahrawi kukandwa mkono. Kurudi, mkokoteni haupo uani. Jirani anasema walikuja wanaume wawili, wakasalimia vizuri, wakausukuma.

Wakasalimia vizuri!

Jumatatu, 4 Desemba

Nilikwenda kona. Bunawi alikuwa nyuma ya mkokoteni wangu, kijana mrefu mwenye shingo kama ya bata, anapepea kwa pupa na majivu yanarukia nyama. Marsuki amesimama kando kama mwenye harusi.

"Hilo ni jina la mama yangu ubavuni," nikasema.

"Tutalipaka rangi," akajibu Marsuki, akimwangalia Bunawi. "Mwambie mama yako mdogo aendelee kusaga sosi. Hiyo ndiyo kazi yake. Atapata haki yake."

Bunawi akanigeukia, uso umemwiva kwa moto au kwa aibu. "Mama mdogo, ba'mkwe anasema..."

"Nimemsikia. Na wewe mwambie ba'mkwe wako: mkono ulioibiwa mkokoteni hausagi karanga za mwizi."

Yayuk akaangusha ndoo ya barafu kwa makusudi, ikatapakaa miguuni mwa Marsuki. "Samahani, baba, mvua hii inateleza," akamwambia.

Alhamisi, 7 Desemba

Wanakuja mlangoni, wateja wangu wa zamani. Wanalalamika. Mwalimu wa shule ya mkabala ameniambia sosi ya kona ina uchungu, aliitema.

Najua kilichotokea, na mtu yeyote wa kwetu angejua. Wakati wa mvua karanga hushika ukungu ndani, nje zinang'aa tu. Sisi wanawake huonja moja kutoka kila konzi kabla hazijaingia kwenye karai. Ikiwa chungu, konzi yote tunaimwaga, hata roho ikiuma. Samaki mmoja akioza wote wameoza, na karanga ni hivyo hivyo. Wanaume wetu hawajui jambo hili kwa sababu miaka yote sosi imewafikia ikiwa tayari imesagwa. Wanadhani ni karanga tu na pilipili. Mke wa Bunawi angemwambia, lakini yuko kisiwani, mjamzito. Na Marsuki hataki kumuuliza mwanamke, hata mke wake.

Nilifurahi. Naandika ukweli: nilifurahi sana.

Jumamosi, 9 Desemba

Nimelitoa seredani la bibi lililokuwa likitiwa vitunguu jikoni. Nimelisugua. Nimenunua kuku mmoja, nimekata vinyama vidogo vidogo, nimetunga vijiti mia. Nimechoma karanga, nikaonja kila konzi, nikasaga na pilipili, kitunguu saumu, sukari ya mnazi na kitoweo cheusi cha uduvi cha kwetu. Sahrawi alinitazama muda wote. Mwishowe akasema, "Unakwenda wapi?"

"Barabarani. Ukitaka kunizuia, simama."

Hakusimama. Lakini alinisogezea mfuko wa makaa kwa mguu.

Nilikaa chini, ng'ambo ya barabara, mkabala na mkokoteni wangu mwenyewe, juu ya kigoda cha jikoni. Yayuk akahama na barafu zake zote, akanifunikia nusu ya turubai lake. "Nilikuwa nimechoka upande ule," akasema. Kipepeo changu kilikuwa kifuniko cha boksi la viatu. Mwalimu alikuwa wa kwanza kuvuka barabara, suruali imekunjwa, kitabu kichwani. Saa moja baadaye vijiti vyote mia vilikuwa vimekwisha.

Jumapili, 10 Desemba

Mia na hamsini. Vimekwisha.

Jumanne, 12 Desemba

Mvua kubwa ilizima moto mara tatu. Nikawasha mara nne.

Jumamosi, 16 Desemba

Leo hakukuwa na mteja hata mmoja kwa saa nzima, mimi upande huu, Bunawi upande ule, maji yanapita katikati yetu. Akavuka. Nilidhani amekuja kwa shari.

"Mama mdogo, naomba unionyeshe sosi. Sitamwambia mtu."

"Ng'o."

"Sawa." Hakuondoka. Nikaona mikono yake imejaa malengelenge ya moto, mengine yamepasuka. Akasema, "Mimi ni fundi wa pikipiki. Nilimwambia ba'mkwe. Akasema mwanamume wa kwetu bila sate ni nusu mtu."

Nikampaka mafuta ya nazi mikononi. Sosi sikumwonyesha. Lakini lile jina la mwizi nililokuwa nikimwita humu ndani ya nyumba, nimeliacha.

Ijumaa, 29 Desemba

Kesho kutwa ni Idi Kubwa, na Mmadura anaweza kukosa yote mengine, Idi ya kuchinja hakosi kurudi kwao. Feri ilijaa mpaka watu wakakaa juu ya magunia. Marsuki alikuwa humo humo, sitaha ya juu. Sahrawi alibeba mfuko wa plastiki kifuani njia nzima, hakuniruhusu kuugusa.

Jumapili, 31 Desemba

Naandika hapa kwa mama mkwe, uani, watu wakiwa wamelala usingizi wa mchana baada ya nyama. Nataka niandike kabla sijapoa.

Baada ya swala alichinjwa ng'ombe, nyama ikagawiwa, sehemu ya nyumba yetu ikaja kwenye beseni. Sasa, kijiji chetu ni kijiji cha watu wa sate. Nusu ya wanaume wako miji mingine na mikokoteni yao. Na kuna desturi ya Idi Kubwa ambayo hakuna asiyeijua: siku hiyo wanaume hawashiki kipepeo. Mwaka mzima wamepepea, siku hiyo wanaketi kwenye mikeka na kuhudumiwa. Wanawake ndio tunaopepea. Nimeifanya kazi hiyo tangu nina miaka kumi na miwili, na sikuwahi kuiwazia. Mpaka leo, nilipochutama mbele ya moto pamoja na mawifi zangu, nikamwona Marsuki mkekani amefungua kifungo cha shati, anapokea kijiti baada ya kijiti.

Nikapepea kwa bidii. Nikamchagulia zilizonona. "Mpelekeeni shemeji," nilisema. "Mwongezeeni sosi." Alikula kama mtu anayelipwa. Na vijiti vyake akavipanga pembeni ya jani la mgomba, kwa mazoea, maana sisi sate tunahesabu kwa vijiti.

Alipojifuta mdomo nikainuka, nikaenda mpaka mkekani kwa wanaume. Mawifi wakaacha kupepea. Nikapiga magoti, nikavikusanya vijiti vyake, nikahesabu kwa sauti. Moja. Mbili. Tatu. Wakadhani natania, wakaanza kucheka. Nilipopita ishirini hakuna aliyekuwa anacheka.

"Thelathini na mbili," nikasema. "Shemeji, nani alipepea hii sate?"

Akajifuta mdomo tena.

"Nauliza tu. Ulisema kipepeo si cha mwanamke. Kama ni haramu, umekula haramu thelathini na mbili. Kama ni halali, nirudishie mkokoteni wangu."

Mtu mmoja akakohoa. Mama mkwe, aliyekuwa akimenya vitunguu kizingitini, akasema bila kuinua kichwa, "Mjibu mwenzako, Marsuki. Na mimi nasikiliza."

"Hapa ni nyumbani," akasema Marsuki. Sauti ilikuwa imepungua. "Barabarani ni jambo jingine. Na sizungumzi na wewe. Sahrawi! Mwambie mke wako akae."

Hapo nilikata tamaa, kwa sababu nilimjua mume wangu. Nilijua atasema tutafikiri, kaka.

Sahrawi akainuka. Aliinuka vibaya, kwa mkono mmoja, akayumba. Akauchukua ule mfuko wa plastiki, akautikisa mpaka kilichomo kikaanguka mkekani. Kipepeo. Cha mianzi, kimesukwa. Jamani, kipepeo kibaya hivyo sijawahi kukiona. Kimepinda upande, nyuzi zimetokeza, mpini mnene kama mchi. Amekisuka kwa mkono wa kushoto, wiki sita, huku mimi namwona amenipa kisogo na kumlaani.

"Kaka," akasema, "kona ulinipa wewe, nashukuru. Mkokoteni nimechonga mimi. Na hiki nimekisuka mimi, nampa mke wangu. Atapepea barabarani. Mimi nitakaa nyumbani nitunge nyama kwa mkono huu mmoja. Wakitaka kucheka, waje wacheke mlangoni kwangu, wamkute mwenye nyumba."

Marsuki akavaa viatu, kimoja kikamshinda kuingia, akaondoka hivyo hivyo amekikanyaga kisigino. Hakusema ndiyo. Hakusema hapana.

Nililia. Kisha nikamgombeza Sahrawi kwa kunificha, tena mbele ya mama yake. Akasema, "Ulikuwa umegeukia ukuta. Ningekwambia saa ngapi?"

Jumatano, 3 Januari

Tumerudi mjini. Mvua.

Ijumaa, 5 Januari

Asubuhi nimesikia magurudumu uani. Bunawi, ameloa chapachapa, anasukuma mkokoteni. Jina la mama bado lipo ubavuni, hakulipaka rangi.

"Ba'mkwe amekutuma?"

"Hajanituma mtu. Akiniuliza nitamwambia sijui karanga, na ni kweli." Akajifuta mvua usoni. "Atanikasirikia, mama mdogo."

"Atakukasirikia sana. Kaa ule kwanza."

Nikamwonyesha sosi. Nilimpa konzi za karanga, nikamwambia onja. Ya tatu akakunja uso. "Hii!" akasema. Nikamwambia haya, mwaga konzi yote, usiionee huruma. Mke wake akijifungua, Bunawi ndiye atakayemsagia.

Jumamosi, 20 Januari

Bunawi amepata kazi kwa fundi wa pikipiki. Marsuki haonekani. Watu wananiambia amesema kona ni yake na atakuja kuitolea neno. Na aje. Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji.

Jumatatu, 29 Januari

Sahrawi ametunga vijiti mia mbili, anakanyaga kijiti kwa vidole vya mguu vilivyooshwa, nikamwambia wateja wakijua tumekwisha. Amecheka. Amebuni ubao wenye tundu wa kushikilia kijiti.

Jumapili, 4 Februari

Mafuriko. Maji magotini. Wapita njia wote wana utani mmoja: "Dada, mashua yako haielei?" Nimeufunga mkokoteni kwenye nguzo ya umeme na nimeuza hapo hapo, nimesimama majini. Yayuk ameuza barafu glasi nne. Anasema ni rekodi.

Ijumaa, 9 Februari

Amekuja.

Maji yamepungua lakini mvua ilikuwa inanyesha. Ilikuwa kama saa kumi na moja, foleni imefika mpaka kwa Yayuk. Nilikuwa nimeinama napepea, kile kipepeo kibaya kinavuma kuliko vyote nilivyowahi kushika, labda kwa sababu ya kupinda kwake. Nikasikia sauti juu ya kichwa changu.

"Dada. Sate kumi."

Sikuinua kichwa upesi, sauti niliijua. Miaka kumi na tisa sijawahi kuisikia ikisema neno lile kwangu. Marsuki, suruali imekunjwa hadi magotini, mwavuli umevunjika ubavu mmoja. Alikuwa amepita foleni nzima na kuja mbele, kama wakubwa wanavyofanya. Nikaona watu wanamtazama. Nikachoma kumi, kwa heshima ya lile neno. Nikaweka kwenye jani, nikamwaga sosi, nikampa.

Akala amesimama, chini ya turubai, polepole. Akamaliza. Akanyoosha jani.

"Hesabu vijiti."

"Hesabu mwenyewe, shemeji. Kwa sauti."

Akaangalia foleni. Akaangalia mvua. Akahesabu, moja mpaka kumi, kama mtoto wa madrasa.

"Nani alipepea?" nikauliza.

"Wewe, Hosniyah," akasema. "Umepepea wewe." Kisha akakohoa, akavuta mwavuli wake. "Nifungie na ishirini, nampelekea mke wangu. Anasema sosi ninayosaga mwenyewe siku hizi ina uchungu."

Nikageuza vijiti vilivyokuwa motoni, vya mwalimu, aliyefika kabla yake.

"Foleni inaanzia kule kwa Yayuk, shemeji."

Akaukunjua mwavuli wake. Kisha akaenda kupanga foleni.